Kobe wa Bawaba au Kobe wa Madoa: Nani Ale Nini Hapa Tabora

Kabla hujamnunulia kobe wako mboga, litazame gamba lake. Kwenye nyua nyingi zenye kobe hapa mjini, awe wa aina gani, hupewa chakula kilekile: fungu la mchicha, ganda la ndizi na ugali uliolala. Chakula hicho hakimfai kobe yeyote, lakini madhara yake hayafanani, kwa sababu kobe wa aina mbili ambao watu hufuga hawali kitu kimoja huko walikozaliwa. Mmoja ni mla nyasi wa kweli. Mwingine hula karibu kila kinachotambaa au kuota chini ya miti. Nitawaweka wawili hawa bega kwa bega, kisha nipitie vyakula vinavyopatikana Tabora na Kigoma, ili uchague kwa kujua.

Kabla ya hapo, jambo moja la sheria. Kobe ni mnyamapori, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kumwokota porini ukamfuge bila kibali. Ukimkuta akivuka barabara ya Sikonge wakati wa mvua, mvushe upande aliokuwa akielekea, umwache aende zake. Makala haya ni kwa ajili ya wale walio na kobe kihalali, au wanaomtunza mgonjwa kwa maelekezo ya maofisa wa wanyamapori. Kama huna kibali, anzia ofisi ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania) au ya maliasili wilayani kwako, si sokoni.

Kobe wa bawaba

Huyu ni mdogo. Mara nyingi hazidi sentimita 20, gamba lake limelala bapa, na rangi yake ni ya udongo iliyochanganyika na njano iliyofifia. Alama yake kubwa iko nyuma: gamba la mgongo lina bawaba, na akishtuka huishusha sehemu hiyo ikafunika miguu ya nyuma na mkia. Jina lake la kisayansi ni Kinixys spekii, alilopewa mwaka 1863 kutokana na John Hanning Speke, yule msafiri Mwingereza aliyepita Kaze, ndiyo Tabora hii hii, pamoja na Richard Burton, wakafika Ujiji Februari 1858.

Anaishi katika savana na misitu ya miombo, na chakula chake ni mchanganyiko hasa. Wale waliochunguzwa kaskazini mwa Zimbabwe walikutwa wakila majani, uyoga na majongoo. Hula pia konokono, mbawakawa, na matunda yaliyodondoka. Huyu hawezi kushiba mchicha peke yake akawa na afya, hata umpe mwingi namna gani.

Kitabia anafanana sana na kobe wa boksi wa Marekani, ingawa si ndugu wa karibu. Yule bawaba yake iko kwenye gamba la tumboni, na anaweza kujifunga mbele na nyuma akabaki kama sanduku. Porini hula minyoo, konokono, matunda na uyoga, na hata uyoga wenye sumu kwa binadamu anaula bila kudhurika. Wapo watu waliokula nyama yake wakaugua kwa sababu hiyo. Namtaja kwa sababu amefugwa majumbani kwa muda mrefu, na magonjwa yake ya lishe yanajulikana vizuri. Ugonjwa unaojirudia zaidi ni upungufu wa vitamini A: macho yanavimba na kufumba, na pembeni ya kichwa, sehemu ya sikio, panatokea uvimbe wenye usaha mgumu. Anayemtunza kobe wa bawaba azijue dalili hizo.

Kobe wa madoa

Wengine humwita kobe chui. Kisayansi ni Stigmochelys pardalis. Gamba lake limeinuka juu, lina madoa meusi juu ya njano, na akikomaa hufika sentimita 40 na zaidi. Ukienda Serengeti utamkuta akitembea taratibu kwenye nyasi, na hizo nyasi ndizo maisha yake. Hula ukoka na jamii zake, majani ya magugu, maua, na mimea yenye utomvu na maji kama dungusi. Utumbo wake mrefu una vijidudu vinavyochachusha nyuzinyuzi za majani polepole. Ukimpa vitu vitamu au vya wanga, vijidudu hivyo vinavurugika, anaharisha, anavimbiwa, na minyoo ya tumboni inapata nafasi.

Anahitaji kalsiamu nyingi ili ajenge gamba hilo kubwa. Porini ameonekana akitafuna mifupa mikavu, na hata kinyesi cheupe cha fisi, ambacho kimejaa mifupa iliyosagika. Hilo usilione kuwa uchafu.

Mboga za sokoni na magugu ya uani

Hapa ndipo watu wengi hupoteza pesa bila sababu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Kipimo cha kwanza cha jani lolote ni uwiano wa kalsiamu na fosforasi. Kobe anataka kalsiamu iwe angalau mara 2 ya fosforasi. Fosforasi ikizidi, mwili huivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa na gamba, na baada ya miezi kadhaa gamba linalegea, miguu inapinda, kobe anashindwa kujiinua. Kipimo cha pili ni oksaleti, chumvi zilizomo kwenye baadhi ya mboga ambazo huishika kalsiamu tumboni isifyonzwe. Kipimo cha tatu ni nyuzinyuzi.

Mchicha unashinda kwenye kipimo cha kwanza na kuanguka kwenye cha pili. Una kalsiamu nyingi kwa hesabu, lakini una oksaleti nyingi vilevile, na spinachi ni hivyohivyo. Si sumu. Kobe akiupata mara moja kwa wiki kati ya majani mengine hapati shida. Ukiwa ndio chakula chake cha kila siku, kalsiamu nyingi inapita tu. Matembele ni afadhali kuliko mchicha, ila nayo yachanganywe. Majani ya kunde na ya maboga ni chaguo zuri. Sukuma wiki ina kalsiamu nyingi na oksaleti kidogo, lakini iko katika jamii ya kabichi, ambayo ikiliwa kila siku kwa wingi inaweza kuisumbua tezi ya shingo. Mpe, ila ibadilishe. Kabichi yenyewe, saladi na tango ni maji tu.

Kisamvu usimpe kabisa. Sisi tunakitwanga na kukichemsha kwa muda mrefu ndipo sianidi iondoke. Kobe anakila kibichi. Jani la mnavu bichi nalo liache.

Sasa linganisha na vinavyoota bure. Ukoka, mchunga, kongwe, maua na majani ya haibiskasi, majani ya mforosadi, kipande cha dungusi kilichotolewa miiba: mchanganyiko wa vitu hivi una nyuzinyuzi nyingi kuliko fungu lolote la sokoni, na uwiano wake wa madini kwa jumla ni mzuri. Mlonge una kalsiamu nyingi sana. Majani machache yanatosha kuboresha sahani nzima. Kwa kobe wa madoa uamuzi wangu hauna shaka: uani kwanza, sokoni baadaye. Nyasi na magugu viwe sehemu kubwa kabisa ya anachokula, na mboga za sokoni ziwe za kuongezea. Kwa kobe wa bawaba majani yaleyale yanafaa, ila yawe kama nusu tu ya chakula chake, na yawe laini. Nyasi ngumu huziacha.

Huku kwetu kuna hatari moja ambayo lazima niitaje kwa sauti kubwa. Huu ni mkoa wa tumbaku. Magugu yanayoota kingoni mwa mashamba ya tumbaku Urambo, Kaliua au Sikonge yanaweza kuwa yamepigwa dawa za wadudu, na jani la tumbaku lenyewe ni sumu. Usichume huko, wala kando ya bustani za nyanya zinazopuliziwa kila wiki. Kama uani kwako hapaoti kitu, ni heri uende sokoni umwamkie mama wa mboga: "Shikamoo mama. Haya majani ya kunde ya nje uliyoyaweka pembeni, naomba niyachukue." Atakuitikia, "Marahaba mwanangu, beba," na mara nyingi hatakudai kitu. Yaoshe vizuri kabla ya kumpa.

Konokono, kumbikumbi au dagaa

Sehemu hii ni ya kobe wa bawaba peke yake. Kobe wa madoa hahitaji nyama ya aina yoyote, na wanaomtupia vipande vya samaki wanamchosha figo.

Kwa kobe wa bawaba, chakula cha asili ya wanyama kiwe kama robo ya anachokula akiwa mkubwa, na zaidi kidogo akiwa mchanga. Swali ni kipi kati ya vile tulivyo navyo.

Konokono ndiye namba moja. Kobe anamtafuna pamoja na nyumba yake, na nyumba hiyo ni kalsiamu. Majongoo yana sifa hiyohiyo, kwa sababu ngozi yao ngumu imejaa kalsiamu, tofauti na wadudu wengi. Ila hutoa majimaji makali, kwa hiyo mwache kobe ajiwindie mwenyewe kama yapo uani, usimjazie sahani. Minyoo ya ardhini ni laini na wanaipenda, lakini nyunyizia kalsiamu juu.

Kumbikumbi, mvua za kwanza zinapoanguka, wanapatikana bila gharama, na kobe huwafuata kwa bidii inayofurahisha kuitazama. Wana mafuta mengi, na fosforasi yao ni nyingi kuliko kalsiamu. Siku mbili tatu za msimu ni sherehe. Kuwakausha ukamlishe mwezi mzima ni kumnenepesha hadi ngozi ya mapajani ianze kutokeza nje ya gamba.

Dagaa wa Kigoma ndio wanaoulizwa zaidi, na nawaelewa wanaouliza, maana dagaa hawa hawakosekani. Wana kalsiamu kwa sababu huliwa na mifupa. Lakini ni protini iliyokaushwa, wengine wametiwa chumvi, na wanaoanikwa juu ya mchanga huja na mchanga wao. Ukimlinganisha dagaa na konokono, konokono anashinda waziwazi. Kama konokono hakuna, kama ilivyo kiangazi, loweka dagaa wachache wasio na chumvi, uwasuuze, umpe mara moja kwa wiki, kiasi kisichozidi ukubwa wa kichwa chake. Hata kama yuko Kigoma na soko la Kibirizi liko hatua chache, asizidishiwe.

Konokono wa kuokota nao wawe wa mahali unapopajua. Aliyetoka kwenye bustani iliyowekwa dawa ya konokono atamuua kobe wako.

Uyoga

Mvua zikikolea, akina mama hupanga uyoga wa porini kandokando ya barabara. Kwa kobe wa bawaba hicho ni chakula cha nyumbani kwao kabisa. Kwa kobe wa madoa si lazima. Nunua uleule ambao wewe ungeupika. Ingawa porini kobe hawa hawachagui kama sisi, usifanye majaribio na uyoga usioufahamu, kwa sababu ustahimilivu unaojulikana kwa kobe wa boksi wa Marekani si kibali cha kumlisha kobe wetu chochote. Uyoga una kalsiamu kidogo, kwa hiyo uende pamoja na majani, usichukue nafasi yake.

Matunda

Papai na ndizi vinauzwa meza moja, lakini kwa kobe viko mbali sana. Papai lina kalsiamu karibu mara 2 ya fosforasi, na rangi yake ya chungwa ni ishara ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Ndizi mbivu ina fosforasi karibu mara 4 ya kalsiamu, na sukari tele. Embe, ambalo Tabora msimu wake ukifika hutapakaa chini ya kila mti, liko katikati: karotini nzuri, uwiano wa madini si mzuri, sukari nyingi. Nyanya haifai kuwa zaidi ya kipande cha kumshawishi mgonjwa. Parachichi usimpe. Matunda ya porini kama furu na ntalali yanamfaa kobe wa bawaba kuliko ndizi yoyote.

Kobe wa bawaba apate tunda mara mbili kwa wiki hivi. Kobe wa madoa, kipande cha papai mara moja moja sana, au asipate kabisa.

Kwa ajili ya vitamini A, boga la njano na kiazi lishe kilichokunwa vinashinda matunda yote, kwa sababu havina sukari nyingi hivyo. Kuna wanaotia mawese kwenye chakula wakisikia yana karotini nyingi. Ni kweli yanayo, lakini kobe hajaumbwa kunywa mafuta, mpe boga.

Kwa ufupi, sahani mbili zinalingana hivi:

| Chakula | Kobe wa bawaba | Kobe wa madoa |
|---|---|---|
| Nyasi | kidogo, changa | sehemu kubwa kabisa |
| Magugu na majani mapana | karibu nusu | kila siku |
| Konokono, minyoo, wadudu | karibu robo | hapana |
| Uyoga | wakati wa mvua | si lazima |
| Boga, kiazi lishe | kila wiki | kidogo |
| Papai, furu | mara mbili kwa wiki | nadra |

Unga wa kalsiamu: upi ununue

Maganda ya mayai hayana gharama. Karibu yote ni kalsiamu kaboneti. Yachemshe, yaanike, yasage yawe unga laini kabisa, unyunyizie kiasi cha kubana kwa vidole juu ya majani mara mbili au tatu kwa wiki. Duka la pembejeo litakuuzia chokaa ya mifugo, na kazi yake ni ileile. Lakini muuzaji akikupa DCP (dikalsiamu fosfati), iache: ina kalsiamu pamoja na fosforasi, wakati kobe wako shida yake kwa kawaida ni fosforasi iliyozidi. Na chokaa ya kupaka ukuta si chakula cha mnyama yeyote; inaunguza mdomo na koo. Kwa kobe wa madoa, weka pia mfupa mkavu wa ng'ombe uliochemshwa, autafune anapotaka.

Kalsiamu yote hiyo haifanyi kazi bila jua, maana ngozi ya kobe hutengeneza vitamini D3 kwa miale ya jua la moja kwa moja. Wenzetu Ulaya hununua taa maalumu. Sisi tunalo jua mwaka mzima, kwa hiyo kumfungia kobe chumbani nyuma ya kioo, ambacho huzuia miale hiyo, ni kumnyima dawa iliyo mlangoni. Awe na kivuli cha kukimbilia na bakuli pana la maji lisilo na kina, hasa mtoto wa kobe: ukavu ni sababu kubwa ya gamba kuota vinundu.

Ugali, mkate, pumba, chakula cha kuku na cha mbwa

Vyote hapana, kwa wote wawili. Wanga unachachuka, na chakula cha kuku kina nafaka na protini iliyopimwa kwa ajili ya ndege anayekua kwa wiki chache, si mnyama anayekua polepole na kuishi miaka mingi.

Kiangazi kikifika

Kuanzia Mei mvua zinakatika, na kufikia Julai usiku wa Tabora una baridi. Hapa kobe wawili hawa wanaachana tena. Kobe wa madoa huendelea kula, na kwa kuwa nyasi zimekauka, nyasi kavu zilizokatwa zikingali kijani zikaanikwa kivulini ni bora kuliko kumhamishia kwenye kabichi. Zirushie maji kidogo atazikubali. Kobe wa bawaba, kinyume chake, hupunguza kula, hujichimbia chini ya majani makavu, na anaweza kulala kwa muda mrefu. Usimchokoe wala kumlazimisha kula. Kinachotakiwa ni awe ameingia kiangazi akiwa mzito na mwenye macho maangavu. Mpime kwa mizani ya duka kila baada ya muda. Akipungua haraka au akitoa makamasi puani, mpeleke kwa daktari wa mifugo.

Wote wawili walishwe asubuhi baada ya kuota jua. Kobe mwenye baridi hasagi chakula, kinaoza tumboni. Na kama wote wako uani kwako, watenge wakati wa kula, kwa sababu kobe wa madoa hatakataa konokono wala papai la mwenzake. Nawa mikono kwa sabuni kila unapomaliza, watoto hasa, maana kobe huweza kubeba salmonela, bakteria wa kuharisha, bila kuonyesha dalili.

Kwa aliyekwisha kumzoeza ndizi

Atagoma. Kobe aliyezoea utamu anaweza kuitazama sahani ya majani siku kadhaa asiiguse, na mwenye huruma hukimbilia kumenya ndizi nyingine. Kama ni mzima na mzito, mgomo huo haumdhuru. Ponda kipande kidogo cha papai, ukipake kwenye majani yaliyokatwa vipande vidogo sana hivi kwamba hawezi kulamba utamu bila kumeza jani. Kila baada ya siku kadhaa punguza papai, ongeza ukubwa wa vipande vya majani. Kwa kobe wa bawaba tumia konokono aliyepondwa badala ya papai. Harufu yake inamwamsha upesi zaidi. Mtoto wa kobe, au aliyekonda, usimwekee mgomo: mpe anachokubali huku ukichanganya, na mwogeshe kwenye maji ya vuguvugu yanayofika chini ya kidevu kila asubuhi, kwa sababu kobe wengi hunywa na kupata choo humo majini, kisha hamu ya kula ikarudi.